Mrithi wa Daktari Glovu

Miaka ile ya ruksa, wakati kila mwenye jenereta mjini Kilosa alipojiita mfanyabiashara, hapakuwa na mtu aliyeitwa kwenye matanga mengi kuliko Hildegarda, Mama Ditram. Hakuitwa kulia, wa kulia walikuwepo. Aliitwa siku ya kuanua tanga, ukoo unapokaa mkekani na kuulizana marehemu ameacha nini, aliahidi nini, na nani anashika nafasi yake. Hapo ndipo watu wazima na akili zao huanza kusahau kwa makusudi.

Hildegarda hakusahau. Alizaliwa kwenye kambi ya mkonge Kimamba, baba yake manamba, kibarua wa mkataba kutoka Songea. Akasoma kwa masista mpaka darasa la nne, akaolewa na fundi wa reli wa Kidete, akafiwa naye, akahamia mjini kuuza maandazi stesheni. Kote alikopita alibeba habari za watu kama wengine wanavyobeba masufuria. "Huyu marehemu," alikuwa akisema, "alikuwa na mtoto Msowero, aliyezaliwa mwaka maji ya mto Mkondoa yalipong'oa reli. Yuko wapi leo?" Watu hutazama chini. Mtoto hutafutwa, huletwa, na pua huwa ile ile ya marehemu.

Kwa hiyo Nassir alipofungua banda la video kwenye ghala la zamani karibu na stesheni, na Hildegarda akalipa kiingilio, akakaa benchi la mbele, mwanamke peke yake kati ya wanaume, wengi walicheka. Mdogo wake Costancia hakucheka.

"Dada, mjane wa miaka sitini unakwenda kutazama watu wanavyopigana?"

"Mimi sitazami wanavyopigana. Natazama anayebaki."

Picha iliyompendeza ilikuwa ya Bwana Kengele. Huyo alikuwa stelingi aliyevaa chuma cha buluu kifuani. Akijipiga ngumi, kifua kinalia kama kengele ya kanisa, na risasi zinaanguka chini kama punje za mahindi. Katika sehemu ya kwanza adui alikuwa Daktari mmoja mwenye glovu nyeupe, aliyetaka kutia sumu maji ya mji mzima. Mwishoni akatumbukia kutoka darajani huku anawaka moto. Banda zima likapiga makofi na kuanza kusukumana mlangoni.

Hildegarda hakuinuka, ndiyo maana aliona wasichokiona wenye haraka. Dada wa Daktari, mwanamke mkimya aliyekuwa amepita mara mbili tu na trei ya chai, alifungua mtoto wa meza, akatoa glovu moja, akaivaa polepole kidole kwa kidole. Kisha giza, na majina ya waigizaji yakaanza kupanda.

"Jamani, rudini," alisema. "Huyu Daktari maiti yake mmeiona? Nani kamzika? Na huyu anayevaa nguo ya marehemu kabla ya arobaini, ametumwa na nani?"

Kimaren, mfugaji aliyeshuka mjini kila siku ya mnada, alirudi akaketi. "Mama anasema kweli. Mimi nikiambiwa ng'ombe wangu kafa, nasema nionyesheni ngozi."

Kuanzia siku hiyo mji mzima ulijua kwamba mrithi wa Daktari Glovu ni dada yake. Sehemu ya pili ikaja, adui akawa Jenerali fulani, dada hakuonekana. Hildegarda hakutikisika. "Bado yuko kwenye eda ya kaka yake," alisema, na watu wakacheka, lakini wakaamini.

Ndipo Nassir akamleta Makarius kutoka Morogoro. Makarius alikuwa mtafsiri wa picha, kijana wa shati la mtumba lililopigwa pasi mpaka likang'aa, aliyekaa kando ya televisheni na maikrofoni akigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili cha mbwembwe. Alimwamkia Hildegarda vizuri, akaitikiwa vizuri. Ugomvi ulianza alipotangaza kwamba sehemu ya tatu imepatikana Dar es Salaam.

"Ndani yake dada yupo," Hildegarda alisema kutoka benchini.

"Dada yupi, mama?"

"Wa glovu."

Makarius alicheka kwenye maikrofoni, na kicheko kikazunguka banda zima. "Mama yangu, yule ni mpambe tu, wa kujaza picha. Hawa Wazungu hawafanyi matanga. Adui akifa wanatafuta mwingine."

"Mtu hafungui mtoto wa meza kwa kujaza picha, mwanangu."

Hapo akadakia Samweli, mtoto mkubwa wa marehemu Lazaro aliyekuwa akiuza mbao. "Mwacheni bibi. Kichwa kimejaa, sasa kinamwagika."

Hakuna aliyecheka sana, maana kila mtu alijua Samweli analenga wapi. Lazaro alikuwa amefariki wiki tatu nyuma. Kabla ya kufa aliwahi kutamka, Hildegarda akisikia kwa masikio yake, kwamba shamba la Malolo ni la Tumwagile, binti yake wa mke wa kwanza, aliyemuuguza peke yake. Hapakuwa na karatasi. Shahidi mwingine alikuwa Samweli mwenyewe, naye alikuwa ameshaanza kusahau. Mama huyu akionekana kwamba ameishiwa kumbukumbu, Tumwagile hana shamba.

Hildegarda alilijua hilo, na angeweza kunyamaza. Alisimama.

"Sikilizeni. Sehemu ya tatu ikipita bila yule dada, benchi hili nimeliacha, na mguu wangu hautakanyaga humu tena. Nimesema mimi, mbele yenu wote."

"Dada umerogwa," Costancia alimwambia njiani. "Unaweka heshima yako kwenye mkanda usioujua ulikotoka?"

"Nimeiweka kwenye macho yangu."

Nassir alikwenda mwenyewe mpaka Mikumi kuupokea mkanda kwa dereva wa basi la Mbeya. Jumapili mchana banda lilijaa, wengine wakapanda juu ya magunia ya pumba. Hildegarda alikaa mahali pake, kitenge kimefungwa barabara.

Adui wa sehemu ya tatu alikuwa askari wa chuma aliyetoka chini ya bahari, ambaye kwao hakujulikani wala majirani zake. Hildegarda alisubiri. Kila mlango ulipofunguka kwenye picha alisogea mbele kidogo. Akaja mpishi, akaja mwandishi wa habari, akaja polisi mnene. Askari wa chuma akalipuka. Bwana Kengele akaoa. Majina yakapanda, naye akayatazama mpaka la mwisho, mpaka mkanda wenyewe ukaanza kuchafuka kwa mistari myeupe.

"Hapo ndipo tamati, wapenzi watazamaji," Makarius alisema, safari hii bila mbwembwe.

Watu wote walikuwa wanamtazama Hildegarda. Aliinuka, akakunja kipande cha godoro alichokuwa akikalia, akakitia kwapani.

"Mama, kaa bwana," Nassir alisema. "Yale yalikuwa maneno tu. Nani asiyetania?"

"Mimi sikutania."

"Basi sema umekosea, yaishe. Benchi ni lako."

"Sikukosea. Yule mwanamke kavaa glovu, na mimi nimemwona. Aliyetengeneza picha ndiye aliyemsahau njiani, shauri yake. Lakini nilisema nitatoka."

Akatoka. Samweli alipiga mluzi, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka stesheni, "Tutaonana kwenye tanga la mzee, bibi."

Wiki ile maandazi yalilala. Wateja wawili watatu walimuuliza kwa adabu kama analala vizuri, kama macho hayamsumbui. Costancia akamshauri aseme anaumwa, asiende kwa kina Lazaro. Hildegarda alifua kitenge chake, akakinyoosha, akaenda.

Wazee walikuwa wameketi mkekani, Tumwagile nyuma kabisa karibu na jiko, Kimaren pembeni akiegemea fimbo yake, maana alikuwa rafiki wa Lazaro wa miaka mingi. Hildegarda alipoulizwa, alisema yote: siku, mahali, shuka aliyojifunika mgonjwa, na maneno yenyewe. "Alisema, Malolo ni ya Tumwagile, asisumbuliwe. Na wewe Samweli ulikuwa umemshikia kikombe cha uji."

Samweli alitabasamu. "Wazee wangu, shikamooni. Huyu mama tunamheshimu. Lakini juzi juzi mji mzima umeshuhudia. Ameapa kwamba mtu yupo kwenye picha, na mtu hakuwepo. Kama picha inamshinda, maneno ya mgonjwa atayawezaje?"

Mzee mmoja akakohoa, akamtazama Hildegarda kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyomchoma.

"Usinihurumie, mzee," alisema. "Picha ina mwenyewe, akichoka anaacha watu wake barabarani. Baba yake Samweli hakuchoka. Alitamka. Mimi yajayo sikuyajua, nilibahatisha, na yakanitoa bandani. Lakini glovu ilivaliwa. Muulizeni yeyote aliyerudi kuketi. Nililoliona nimeliona."

"Mimi nilirudi," Kimaren alisema. "Glovu niliiona. Na kuna kingine niliona. Nassir alimwambia mama akae, aseme neno moja tu la kukosea, benchi libaki lake. Hapakuwa na wa kumlazimisha kutoka. Akatoka." Akaigeuza fimbo yake. "Mtu anayetoka kwa sababu alisema atatoka, akiniambia Lazaro alisema, mimi namwamini. Wewe Samweli, siku ile ulisema nini ambacho kilikugharimu?"

Mzee aliyekohoa alikuwa amegeuka kumtazama Samweli, na usoni mwake hakukuwa tena na huruma.

"Ulishika kikombe au hukushika?" mzee huyo aliuliza.

"Nilishika," Samweli alisema. "Lakini uji ulikuwa wa moto, sikusikiliza."

Wanawake wa jikoni waliangua kicheko. Wazee wakanong'ona kidogo, wakamwita Tumwagile aje mbele, wakamwambia Malolo ni yake na msimu huu alime. Alipiga magoti kumshukuru Hildegarda, naye akamwinua.

"Inuka, usichafue nguo. Sijamaliza." Akawageukia wazee. "Na kuna mitamba wawili ambao marehemu aliwaacha kwa Kimaren. Samweli hakuwataja kwenye mali."

"Wapo," Kimaren alisema. "Na wameshazaa."