Leseni Iliyobaki kwa Jina la Mama

Mama alikuwa akitarizi kanzu na mabuibui katika chumba cha mbele cha nyumba yetu, hapa Malindi. Zamani alitumia sindano na mkono wake. Nilipokuwa sekondari akapata mashine inayofuata kompyuta. Alichora ua kwenye kompyuta, programu ikaligeuza kuwa mishono, kisha akalipeleka kwenye mashine kwa fleshi. Wateja walidhani ni mashine inayojua kuchora. Jambo hilo lilimuudhi sana.

Programu hiyo ilikuwa na leseni, na leseni ilikubali kompyuta moja tu. Ukitaka kuihamisha, unaiondoa kwanza kwenye kompyuta ya zamani mtandao ukiwepo, kampuni inapata habari kwamba nafasi iko wazi, ndipo unaiweka kwenye mpya. Ukiiruka hatua hiyo ya kwanza, kampuni huendelea kuamini kwamba ile ya zamani bado inafanya kazi, hata kama imeshakuwa takataka. Nayajua haya kwa kuwa nilisomea kompyuta chuoni Kilifi, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kuogopa mambo kabla hayajatokea. Kazi sijapata. Kuogopa nimepata muda wa kutosha.

Kompyuta ya Mama ilikuwa inaliwa na chumvi. Upepo wa bahari huingia hata ufunge madirisha, na ndani yake vyuma vilikuwa vimeota kutu ya kijani. Ilijizima bila sababu, na feni yake ilikwaruza kama mtu anayekuna nazi. Mama mwenyewe alikuwa amelala chumba cha pili, mgonjwa, akiamka siku anazojisikia nafuu ili aendelee na kazi moja tu: tarizi ya mikono ya gauni la harusi la mdogo wangu. Mdogo wangu alikuwa amekataa tarizi ya mtu mwingine yeyote.

Nikaingia kwake na laptopu yangu ya chuo.

"Mama, niiondoe ile leseni leo? Niihamishie hapa. Ile kompyuta haina siku nyingi."

"Nani hana siku nyingi?" akasema, na akacheka mpaka kikohozi kikamkatisha. "Iwache. Sijamaliza mikono ya mdogo wako. Imebaki kidogo tu."

"Utamalizia kwenye hii."

"Hiyo ndogo kama sinia la halua? Mimi nataka kukaa kwenye kiti changu, mwanangu. Wewe wafikiri sana. Utazeeka kabla yangu."

Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Kuiondoa leseni kwenye kompyuta ile kungekuwa kumwambia kwamba hatakaa tena kwenye kiti chake. Nikaiacha. Nikanakili kazi zake zote kwenye fleshi, nikaifunga kwenye mfuko wa plastiki, mfuko nikautia ndani ya kopo lililokuwa la maziwa ya unga, kopo nikaliweka juu ya kabati. Kisha nikashuka nikapanda tena kuhakikisha kama limefungika.

Mama alifariki asubuhi ya Jumatatu, chai yake ikiwa bado moto.

Mjomba, ndugu yake wa pekee, hufanya kazi kwenye mashamba ya chumvi Gongoni. Ndiye aliyetusimamia tangu baba yetu afariki, na ndiye aliyesimamia kila kitu siku zile. Baada ya hitma akagawa vitu vya Mama kama inavyofanywa: nguo kwa majirani, vyombo kwa wenye haja. Mimi na mdogo wangu tulikuwa uani tukiosha masinia. Tuliporudi chumba cha mbele, meza ilikuwa tupu, na mahali pa kompyuta pamebaki mraba usio na vumbi.

Jioni ya siku ya pili Mjomba akaja na bodaboda, uso umemtulia kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Nimeipeleka madrasa Mambrui," akasema. "Sadaka ya jariya. Watoto watajifunzia, thawabu zimfikie yeye."

"Ile kompyuta, Mjomba?"

"Na usiwe na wasiwasi, nakujua wewe. Nimepita kwa fundi kwanza, nikamsimamia mpaka akafuta kila kitu. Kila kitu! Akaweka mfumo mpya. Mle mlikuwa na picha za mamako kichwa wazi, na mabiharusi wa watu wakipimwa nguo. Haifai vijana wa madrasa wazione. Nimemstiri mamako."

Macho yake yalilengwalengwa na machozi. Mdogo wangu akanitazama kuona kama kuna jambo. Nikasema, "Allah akulipe, Mjomba," kwa sababu alichofanya ndicho ambacho mtu mwema hufanya. Kumstiri maiti ni haki yake. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ndani ya kompyuta kuna kitu kinachopaswa kuagwa.

Alipokwisha kuondoka, nikaweka programu kwenye laptopu yangu na kuandika namba ya leseni. Ikanijibu kwamba leseni hii inatumika kwenye kompyuta nyingine, niiondoe huko kwanza; na huko fundi alikuwa ameshaifuta. Fleshi ilikuwa nzima na ua la gauni la mdogo wangu lilikuwemo, lakini halikufunguka kwa programu nyingine yoyote.

"Kwa hiyo limepotea?" akauliza mdogo wangu.

"Halijapotea. Limefungiwa."

"Na ufunguo?"

"Kampuni inaamini Mama bado anafanya kazi."

Mdogo wangu akasema, "Nawaonea wivu."

Ilibidi niiandikie kampuni. Nilifika kwenye sentensi ya kwamba mwenye leseni amefariki, nikaifuta, nikaandika kwamba kompyuta imeharibika, nikaifuta hiyo pia kwa kuwa ni uongo. Nikawaza: wakidhani nataka kuiba? Wakifunga leseni kabisa? Wakijibu kwa pole nitafanyaje? Mdogo wangu akaninyang'anya laptopu, akaandika kwa Kiingereza chake kifupi kwamba mama yetu amekufa na kompyuta imetolewa sadaka, akatuma. Kampuni ilitaka cheti cha kifo. Tukapeleka. Baada ya kimya kirefu wakajibu kwamba wameiachilia nafasi, wakauliza kama tunataka kubadilisha jina la mwenye leseni. Hilo sijalijibu mpaka leo.

Programu ikafunguka, jina la Mama likatokea juu kabisa kama kawaida. Mdogo wangu akavuta kiti. Nikafungua kazi ya mikono ya gauni.

Palikuwa na tawi moja la yasmini, maua matatu, limechorwa vizuri kama alivyojua yeye. Chini yake kulikuwa na mistari iliyopotoka, mishono imerukiana, imefutwa nusu na kuanzwa upya mahali pale pale. Baada ya hapo hakukuwa na kitu.

"Alisema imebaki kidogo tu," mdogo wangu akasema.

"Alisema."

"Miezi yote ile alikuwa akikaa pale..." Akaziba mdomo kwa mtandio. Nilitamani programu isingefunguka. Tungekaa maisha yetu yote tukiamini kwamba ndani ya ile fleshi mna mikono miwili iliyokamilika.

Baadaye akajifuta uso. "Futa hiyo ya chini. Hilo tawi lirudie. Lirudie mpaka lizunguke mkono mzima."

"Anayejua kazi hii ataona ni tawi lile lile."

"Na aone."

Nikalirudia. Mashine ilifanya kazi tangu adhuhuri, nami nikisimama kando nikihofia uzi kukatika.

Siku ya harusi Mjomba alishika mkono wa mdogo wangu, akaugeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole kwenye yasmini.

"Mashallah. Nilijua tu. Dadangu hakuwa mtu wa kuacha kazi nusu."

Nikafungua mdomo nimweleze yote: leseni, fundi, tawi moja. Mdogo wangu akanikanyaga mguu chini ya gauni.

"Alimaliza, Mjomba," akasema. "Alimaliza yote."