Baba Zuhura Bado Yuko Bondeni

Sikulazimishi uniamini. Nimewahi kuwadanganya wageni habari za simba, kwa hiyo uongo naujua ladha yake. Hili si uongo. Lilinitokea saa saba mchana, jua la Oktoba likiwa utosini, na sikuwa nimeonja hata tone la uraka, ile pombe yetu ya mabibo.

Kazi yangu ni kutembeza wageni katika hifadhi ndogo ya bonde la Ruvuma, chini ya mteremko wa Newala. Masika mto unafurika na kufunika mbuga nzima. Kiangazi maji yakirudi yanaacha mabwawa, matete na njia za wanyama, na hizo njia ndizo tunazopita. Tulikuwa waongozaji wawili: mimi, na Baba Zuhura wa kijiji cha Mkunya, juu ya mteremko.

Baba Zuhura hakuwa na kosa lolote, na hilo ndilo lililoniudhi. Tulianza kazi siku moja, tukapewa buti za aina moja, lakini watu walikuwa wakipiga simu kutoka Dar kumuulizia yeye. Nikiongoza mimi, tunaona nyani na mavi ya tembo. Akiongoza yeye, tembo wenyewe wanatoka. Nikirudi nyumbani mke wangu ananiuliza, tena bila ubaya, leo Baba Zuhura kaona nini? Hebu niambie, wewe ungejisikiaje? Nilikuwa nakula ugali wangu huku namtafuna yeye.

Mwaka ule mkuu wa kambi akatangaza kwamba atachagua mmoja wetu awe kiongozi, mwenye ajira ya kudumu. Kila mtu alijua atakuwa nani. Wageni wa mwisho kabla ya uamuzi walikuwa mtu na mkewe, waliotoka mbali kumtafuta bundi mkubwa anayekula samaki. Walipangiwa Baba Zuhura.

Sasa, kwetu mtu haingii porini hivi hivi. Jioni ya kuamkia safari unakwenda kwenye mti wa msolo, pale njia inapoanzia, unamwaga unga wa mtama kidogo kidogo mpaka usimame na ncha yake, huku unawataja wazee wako waliotangulia na kuwaomba njia. Unaufunika kwa bakuli. Alfajiri unafunua. Ukiukuta umesimama, nenda. Ukiukuta umebomoka, rudi nyumbani hata kama mgeni wako ni waziri. Waislamu tunafanya, Wakristo wanafanya, na msikitini na kanisani hatulizungumzi.

Alfajiri ile niliwahi mimi. Nilifunua bakuli la mwenzangu nikakuta unga umesimama vizuri, haujameguka hata chembe. Wangu, niliokuwa nimeumwaga pembeni, ulisimama pia, lakini ulikuwa umeinama ubavu. Niamini, niliona wivu mpaka kwa unga. Nikaugusa wa kwake kwa kidole kimoja tu, ukaanguka, nikaufunika tena.

Baba Zuhura alipofunua akaurudisha bakuli juu yake, akanipa mkono.

"Wapeleke wewe, Baba Hadija," akasema. "Mimi leo wamenikatalia."

Akapanda bodaboda kurudi Mkunya. Na mimi, Mungu anisamehe, nilimpa pole.

Tuliingia jua linachomoza. Hadi saa sita tulikuwa tumeona kuro wawili kwa mbali, wakituonyesha makalio. Mgeni wa kiume alishaanza kuangalia saa yake. Saa saba, tulipopinda kwenye bwawa la pili, nikamwona Baba Zuhura. Alikuwa hatua kama thelathini mbele yetu, katikati ya njia, na kofia yake na buti zake.

Unadhani niliogopa? Nilikasirika. Nikajua amebadili mawazo, amezunguka kunipokonya wageni. Nikaongeza mwendo. Yeye hakuongeza, lakini sikumfikia. Akakata kushoto kuelekea kwenye mikuyu. Nilitaka kwenda kulia ili kumkomoa, ila roho ikaniuma: ataona nini huko ambacho mimi sitakiona? Nikawaambia wageni njia ni huku, tukamfuata.

Alisimama chini ya mkuyu akainua mkono. Nikatazama juu. Bundi alikuwa pale, rangi ya udongo mwekundu, mkubwa, amefumba jicho moja. Mgeni wa kike alinishika bega akaanza kulia kwa furaha. Baba Zuhura akasogea mbele akaonyesha matete, wakatoka fisi maji watatu, mmoja ana samaki mdomoni. Akaonyesha ng'ambo ya bwawa, tembo wakateremka na watoto wao kunywa maji. Mgeni wa kiume akacheka, akasema mimi si mwongozaji, ni mganga. Nikamwambia sifa ampe na mwenzangu aliye mbele.

"Mwenzako yupi?" akauliza.

Ndipo nikatazama chini. Tope lilikuwa laini. Nyayo za kuro zilikuwapo, za fisi maji zilikuwapo, zetu zilikuwa nyuma yetu. Mbele yetu hapakuwa na alama hata moja ya buti. Nilipoinua macho alikuwa amegeuka ananitazama. Sura ilikuwa yake, lakini hakunijua. Nikawaambia wageni nimechoka, turudi.

Ajira nilipewa mimi. Na saa ileile ya mchana niliyomwona bwawani, kule Mkunya, Baba Zuhura alikuwa amelala mkekani, mkewe anamwamsha haamki. Alipoamka hakuujua mlango. Hospitali walimpima wakasema damu yake ni nzuri. Anakula, anasali, anacheka na watoto, ila hana njia kichwani. Kutoka nyumbani hadi kwenye mikorosho yake, hapo tu, anapotea.

Jambo la namna hii kwetu analishika mjomba. Alipotuita ndugu na majirani, nilikwenda na mimi, na sukari kilo mbili. Nilimwamkia shikamoo, akaitika, akanikaribisha kitini. Kisha akatuambia wote:

"Unga wake ulisimama. Wazee walishamfungulia, naye akaingia bondeni. Kuna mtu alimzuilia mwili tu. Mtu huyo aseme mwenyewe hapa, akamwage unga upya pale msoloni, mtoto wangu atatoka."

Alituangalia mmoja mmoja. Aliponifikia mimi nilikuwa nauangalia mkono wangu. Ningesema, ajira ingekwenda, na jina langu, na mke wangu angejua amelala na mtu wa aina gani. Nikanyamaza.

Hii ni misimu mitatu ya korosho sasa. Kila nikiingia bondeni yuko mbele yangu, ananionyesha, na mimi nawaonyesha wageni. Sasa wanapiga simu kutoka Dar kuniulizia mimi. Na unajua kinachonitesa zaidi? Bado namwonea wivu. Hata alivyo hivyo, anaona kabla yangu.

Siku za mapumziko napanda Mkunya, namshika mkono, nampeleka shambani kwake kuokota korosho. Njiani ananiuliza tumefika wapi. Mama Zuhura ananiombea dua, anasema ndugu wa damu wangekuwa wameshachoka. Neno moja tu lingemtoa, na ninalo mdomoni kila siku, na kila siku nalimeza. Wewe nimekwambia kwa sababu wewe na wao hamfahamiani.

Kwa hiyo nakuonya. Ukimwonea mtu wivu, nuna, mseme pembeni, hata hama kijiji, lakini usiguse kilicho kati yake na wazee wake. Na siku ukifika bondeni, mtu akikuonyesha bundi, usinishukuru mimi. Tazama njia iliyo mbele yangu, umwite Baba Zuhura kwa jina. Labda wewe atakusikia.