Ndege Vichwa Chini

Katika ateliye yangu ya kushona hapa Shituru, sheria ilikuwa moja, na wala sikuiweka mimi: ukikosea, unachekwa. Nilikuwa na mafundi wawili, wanawake wote. Mmoja watu wake walitoka Kasai, mwingine ni Mubemba, na tangu asubuhi walikuwa wakitaniana bila huruma.

«Ee Mukasai, iyi shingo ni ya muntu ao ya twiga?»

«Nyamaza weye! Suruali ya jana ulishonea muntu ya miguu tatu!»

Shingo inafumuliwa palepale, huku wamekufa kwa kucheka. Mimi nilisikia kelele tu.

Kisha kwaya ya kanisa letu ikaniletea vitambaa vya sare ya sikukuu, kitenge kizuri chenye ndege wakubwa. Mama aliyevileta alisimama mlangoni, akasikiliza vicheko, akaniuliza, «Munacheka hivi, kazi itaisha kweli?» Nikaona haya mbele ya mteja. Alipoondoka tu, nikawafokea wenzangu kama watoto. Kuanzia leo hapa ni kazi tu! Kucheka, mtacheka kwenu!

Wakanyamaza. Nikajisifu moyoni kwamba sasa ninajua kuongoza. Nikakata vitambaa vyote mwenyewe, haraka haraka, nao wakashona kimya. Tukamaliza mapema, jamani, mapema kuliko kazi yoyote tuliyowahi kupokea. Kwaya ilikuja jioni umeme umekatika, tukawafungashia kwa mwanga wa simu, hakuna aliyezikagua.

Jumapili wakazivaa haraka haraka nyuma ya kanisa, wakasimama kuimba. Mama yangu wee! Ndege wote, kwenye kila kifua, vichwa chini, miguu juu. Nilikuwa nimekikunja kitambaa kinyume wakati wa kukata. Watoto ndio walioanza kucheka, mabenchi ya nyuma yakafuata, hata mpiga ngoma akajifunika uso. Nilitamani ardhi inimeze. Waliokaa bila kucheka ni mafundi wangu wawili, wameinamisha vichwa.

Nikawakamata nje. «Hamkuona?»

«Tuliona, mama,» akasema yule Mubemba. «Tangu ya kwanza. Lakini weye njo ulikataza kucheka.»

Hakusema kwa ukali. Afadhali angenigombeza. Kumbe vile vicheko ndivyo vilivyokuwa macho ya ateliye, na mimi niliyafumba kwa sababu ya sura yangu mbele ya mteja mmoja.

Jumatatu sare zilirudishwa. Nikavaa moja juu ya nguo zangu, nikasimama katikati ya cherehani zao, uso unawaka.

«Haya, municheke. Miye njo mujinga. Semeni!»

Nikangoja. Kazi ya kwaya ilikuwa imekwisha kupotea, hilo nilijua. Nilichotaka ni neno moja tu la utani, hata la matusi. Yule wa Kasai aliinua macho, akanitazama kwa adabu ile tunayompa mgeni.

«Inakutosha muzuri, mama,» akasema, akaendelea kushona.