Laini ya Yaya Chanda

Sisi wenye tulikomalia pembeni ya ziwa Mweru, hapa Nchelenge, wakati telefone ilikuwa kitu cha ofisi tu, neno "laini" tulilijua kwa mikono mbele ya kulijua kwa kinywa. Lilikuja na baba. Alikuwa ametumika mugodini Copperbelt, na kule nyumba za wafanyakazi zilipangwa mistari mistari, kila mustari wanauita laini. Aliporudi ziwani akaleta blanketi mbili, redio moja mugonjwa, na lile neno. Kila kitu kilichonyooka akakiita laini: kamba ya mama ya kuanikia nguo, njia ya siafu, hata ile njia aliyojichania kichwani siku ya Mungu.

Shuleni nilifika darasa la tatu tu, siwadanganye. Kule laini ilikuwa kusimama kila asubui, mukono juu ya bega la mwenye kuwa mbele, mwalimu anakagua kucha. Ni huyo mwalimu alituambia kwamba Wazungu walitoa neno hilo kwa majani ya kwao: wanayalowesha mu maji mpaka yanaoza, wanatoa nyuzi, wanasokota. Nikapeleka habari nyumbani. Baba alikuwa anasokota kamba ya maganda ya muti, ile tunaita lushishi, akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe nao wanaloweshaka! Basi ni watu."

Lakini kwetu batoto laini ya kweli ilikuwa kamba ya wavu. Mutumbwi unapeleka wavu mbali, kamba mbili zinabaki ufukweni, na kijiji kizima kinavuta, visigino mu muchanga, wimbo juu. Sharti lilikuwa moja: mwenye ameshika kamba mbele ya vyelezo vya wavu kuonekana, anapata samaki. Ukiachia, umejifukuza. Isipokuwa mutu wa damu yako akushikie. Mukono wake wa kuume ni wake, wa kushoto ni wako.

Mimi tumbo langu halikuwa na adabu, juu ya kula mihogo mibichi. Kila mara nakimbilia matetini, na yaya Chanda, dada yangu mukubwa, ananishikia. Mwenye wavu anapita na fimbo yake.

"We Chanda, huu mukono wa kushoto ni wa nani?"

"Wa mudogo wangu."

"Naye iko wapi?"

"Anazaa!"

Watu wanacheka mpaka kamba inalegea. Natoka matetini nashikilia kaputula, kila mutu ananiuliza kama nimezaa musichana ao kijana. Lakini samaki yangu nilipata. Mama aliichoma, tukakula na bukari ya moto, ule ugali wetu, mafuta yanashuka mpaka kwenye kiwiko.

Chanda aliolewa na muchuuzi wa samaki wa Kilwa, ile ya Kongo, ngambo ya ziwa. Zamani nilivuka kumuona. Kisha miguu ikakataa, yake na yangu, ndipo telefone ikatusaidia. Kila siku ya Mungu, nikitoka kanisani, ananipigia. Hasemi alo. Anaanza, "Umekula?" Muke wangu alishakufa, batoto wako Lusaka. Hilo ndilo swali pekee mutu aliniuliza juma zima.

Leo vijana wana laini mbili mu telefone moja. Juzi, kliniki ya presha, niliomba kijana mumoja anichungie nafasi mu laini niende chooni. Kurudi, nafasi imekwisha kukulwa. Akanijibu kama mujukuu kwa babu: "Shikulu, sikuona ulienda wapi." Macho yake yote yalikuwa mu kioo kile.

Basi, wakati ziwa lilifungwa ili samaki wazae, yaya akanyamaza. Nilipiga, nilipiga. Mwezi uliopita mutu akaitika.

"Yaya!" nikasema.

"Ni nani?" Sauti ya binti.

"Mudogo wako. Ni hii laini ya Chanda."

"Papa, umejidanganya. Hii numero niliinunua huku Lubumbashi. Mutu akikaa bila kuitumia, kampani inaichukua, inauzishia mwengine. Dada yako hakukuambia anabadirisha?"

"Hapana."

Nyuma yake nilisikia kitu kinakaangwa. "Pole, papa," akasema. "Umekwisha kumutafuta kwa njia ingine?" Hakukata haraka, namushukuru.

Nimetafuta. Ziwa lilipofunguliwa nilishuka Kashikishi, bandari yetu, mitumbwi ya Kongo ikitia nanga. Muchuuzi mumoja anasema Chanda alihamia kwa mutoto wake. Mwengine anasema aliugua. Mwengine anacheka, "Chanda gani, papa? Wako wengi kama hii dagaa ya chisense."

Enzi zetu mutu akifariki Kilwa, tulijua mbele ya samaki tulioanika siku ile kukauka. Mwenye mutumbwi alianza kulia akiwa bado mbali, na wamama wanaingia mu maji kumupokea wakiuliza jina. Leo habari za Amerika zinafika kitandani kwangu, na ile ngambo ninayoiona kwa macho, siku mawingu hayako, haisemi kitu.

Siku ya Mungu iliyopita nilipeleka jina lake kanisani, liombewe. Mukatekista akafungua daftari, upande mumoja wazima, upande mumoja marehemu.

"Shikulu, tumuandike wapi?"

"Kwa wazima," nikamujibu.

Akaandika. Lakini aliandika polepole, na alipomaliza hakuniangalia.