Shamba la Pili la Metro

Tangu kanola ya shamba la kaskazini, zao la kukamua mafuta, igeuke njano na kulala chini, Verna Hrynchuk hakwenda tena kunywa kahawa kwenye duka la ushirika la kijijini Zorya. Wanaume wa meza ya dirishani bado walirusha dadu kila asubuhi kuamua nani alipe, kama wafanyavyo kote katika jimbo la Saskatchewan, Kanada, lakini mazungumzo yao yalikuwa mamoja: Garnet Tollefson, aliyejitolea kumpulizia jirani yake dawa ya magugu, alikuwa amemuulia mazao.

Jirani huyo ni Metro, mumewe Verna. Alikuwa ameanguka kwenye ngazi ya mashine ya kupandia akaumia nyonga. Mwaka huo, kwenye mashamba yake kadhaa, likiwemo la nyumbani, alikuwa amepanda kanola za aina mbili, zote za mbegu zilizobadilishwa vinasaba. Aina moja ukiipulizia glifosati, magugu yanakufa, yenyewe inabaki imesimama. Nyingine haiiwezi glifosati hata kidogo. Ina dawa yake. Zikishaota, hakuna jicho la kuzitofautisha. Anayejua ni aliyepanda, na Metro, kama kawaida yake, mifuko mitupu ya mbegu alikuwa ameichoma kwenye pipa.

Garnet alipokuja kuuliza, Verna alikuwa akiosha vikombe. Alimsikia Metro akijibu bila kusita kwamba shamba la kaskazini ni la glifosati. Garnet akaenda, akapulizia, akakataa hata kipande cha pai. Baada ya wiki na ushei, shamba lote likafa.

Sasa Metro aliwaambia watu kwamba Garnet hakuuliza. Hakuwa anadanganya, hakukumbuka. Majira ya baridi yaliyopita alipotea njia akitoka mjini, njia aliyoipita kwa gari tangu ujana. Verna alimkuta kando ya makaburi ya kanisa, injini inanguruma, amekaa tu. Usiku ule alimshika mkono akamwomba asimwambie mtu, hata binti yao aliyeko mjini Regina. Wakijua, watamtoa shambani, na nje ya shamba yeye ni nani? Verna akaahidi. Tangu hapo alipokea simu zote yeye, akammalizia mumewe sentensi kabla hazijakwama, akaishi hatua moja mbele yake kama mtu atembeaye na mtoto karibu na kisima. Marafiki walipomwalika, alisema nyonga ya Metro inamsumbua. Hata kanisani walikaa benchi la nyuma, karibu na mlango.

Garnet aliishi kwa kuwapulizia watu dawa, na wateja walikuwa wameanza kumwambia asisumbuke kuja. Mchana mmoja akaja, akavua kofia, akakaa jikoni mbele ya Metro.

"Mzee, sikuja kugombana. Watu wamenikatia kazi. Nataka unikumbushe tu tulivyoongea."

"Tuliongea lini? Ulikuja, ukapiga dawa, ukaua. Kesho shamba la nyumbani nalipulizia mwenyewe, na nyonga hii hii. Magugu yamefika magotini, nyie mnanitazama."

"Utapulizia dawa gani?"

"Glifosati. Kijana, mimi nililima kabla wewe hujajua kufunga kamba za viatu."

Garnet akamgeukia Verna. "Mama, wewe ulikuwepo. Nilimuuliza au sikumuuliza?"

Metro naye akamtazama, hana wasiwasi wowote, anangoja mkewe ammalizie sentensi kama siku zote. Akinyamaza, kesho mumewe atapanda kwenye mashine ya kupulizia na kuiamini kumbukumbu yake. Akisema, basi amemtoa shambani kwa mdomo wake mwenyewe.

"Ulimuuliza," alisema. "Na alikujibu ni glifosati."

Metro alicheka kidogo, akangoja wenzake wacheke. Hakuna aliyecheka. Akaanza kulainisha kitambaa cha meza kwa kiganja, mara nyingi, pale pale.

"Na la nyumbani?" aliuliza, sauti kama ya mgeni anayeuliza njia. "Kule nilipanda nini, Verna?"

"Sijui, Metro. Mbegu zilikuwa zako."

Garnet akachukua kofia yake. Alisema atapulizia vipande viwili vidogo kando ya uzio, kila kimoja na dawa yake, wangoje waone kipi kitasimama. Magugu yatazidi kupanda, lakini hakuna namna. Kuhusu wanaume wa meza ya dirishani na atakachowaambia kule hakusema neno, na Verna hakuthubutu kumuuliza.

Metro akataka kwenda naye. Verna alimletea koti, akamfunga vifungo mpaka shingoni, ingawa jua lilikuwa kali.

"Uliniahidi," Metro alimwambia kwa sauti ya chini, bila kumtazama.

Hilo alilikumbuka. Kisha akasimama mbele ya mlango akingoja afunguliwe.