Dunia za Ngina

Ukinunua diski ya vichekesho pale River Road, Nairobi, mwaka ule wa 2005, kabla mchekeshaji hajafungua mdomo ulionyeshwa dunia kwanza. Dunia ya buluu, inazunguka taratibu, radi inapiga, na herufi za dhahabu zinaizingira zikitaja jina la kampuni. Kampuni yenyewe pengine ni kamera moja na jamaa wawili, lakini dunia lazima. Na karibu zote zilitengenezwa na mtu mmoja, Ngina, katika kichumba cha ghorofa ya tatu.

Zilikuwa zimemfika Ngina kooni. Kila mteja alikuja na lile lile: "Nifanyie kama ya yule, lakini radi iwe kubwa." Akiwachorea kitu kingine, tuseme koroboi inayowashwa, walimtazama kana kwamba amewatukana. Alitaka kutoka pale. Basi alipoitwa na Keval, mwenye studio ya filamu kule Westlands, akaonyeshe kazi zake Jumatatu, alikubali papo hapo.

Jumamosi akaipeleka diski ya kazi zake kwa jirani yake wa Kangemi, Mwalimu Tobias, aliyefundisha jiografia miaka thelathini na ambaye ndiye aliyekuwa na televisheni kubwa katika ploti yao ya vyumba vya kupanga. Mzee akatazama, akaomba irudiwe.

"Ngina, mwanangu, dunia yako inazunguka kinyume. Hapa jua litachomoza Kisumu, Mombasa wangojee."

Ngina akacheka. Halafu akaacha kucheka. Alijua kosa lilipotoka. Herufi sharti ziingie kutoka kulia zikielekea kushoto, la sivyo jina litasomeka mkia kwanza. Naye siku ya kwanza kabisa, kwa uvivu tu, alizibandika juu ya dunia vikazunguka pamoja. Tangu hapo amekuwa akinakili kazi ile ile kwa kila mteja. Dunia kumi na tisa, na zimefika hadi sebule za Nyeri.

Jumapili hakukalika. Kanisani hakusikia mahubiri, nyumbani aliosha sufuria zilizokuwa safi. Angezirekebishaje zote, na kompyuta yake ilichukua siku mbili kumaliza dunia moja?

Jumatatu Keval alitazama diski mpaka mwisho. "Poa sana. Nataka hii hii, na jina langu. Unaanza kazi lini?"

Angenyamaza tu, ajira ilikuwa mkononi. Lakini mficha uchi hazai.

"Boss, hiyo dunia inazunguka kinyume."

Keval akairudisha nyuma, akaitazama tena. "Kumbe! Mimi singeona. Basi rekebisha, uje Alhamisi."

Alitenganisha dunia na herufi, akafanya kila kitu upya. Alhamisi Keval alimwita dada yake Bhoomi, ambaye ndiye aliyeshika masoko pale studio, wakatazama pamoja. Dunia ikaenda upande wake wa haki, herufi zikaenda upande wao.

Bhoomi akafumba macho. "Inanipa kizunguzungu."

"Ile ya kwanza ilikuwa sawa," Keval akasema. "Hii ni kama inarudi nyuma."

"Lakini dunia inazunguka hivi."

"Najua, umeniambia. Lakini nani mwingine atajua? Irudishe ilivyokuwa, na Jumatatu uanze kazi."

Ngina alikuwa na neno "hapana" tayari mdomoni, nawaambia. Siku nne nzima alikuwa amehangaika kuirekebisha dunia ile. Akafikiria kile kichumba, ngazi zake, na mteja wa kesho mwenye radi yake.

"Sawa, boss," akasema.

Mwezi uliofuata nembo ya Keval ilitoka kwenye televisheni kabla ya habari. Ploti nzima ilijazana kwa Mwalimu Tobias kutazama kazi ya binti yao. Radi ilipopiga tu, Ngina akainuka, akasema anaenda kuanua nguo.

Mwalimu akachungulia nje. Kamba ilionekana vizuri kutoka mlangoni pake, na haikuwa na nguo hata moja.