Jenereta Haifungiwi Ndani

Siku yangu ya kwanza kazini, Sajini hakunipa spana. Alinipa mswaki mkuukuu, kikopo cha petroli na kabureta, yaani kile kifaa kinachochanganya mafuta na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. "Safisha," akasema.

Sajini alikuwa mwanajeshi mstaafu, mkubwa wa karakana yetu ya jenereta pale Old Kampala. Alidhani binti wa Kinubi kama mimi angekimbia kabla ya adhuhuri. Nilisugua mpaka vidole vikawasha. Akainua kabureta juani, akachungulia.

"Hii tundu imeziba bado. Wewe unaona mwanga? Mimi sioni. Rudia."

Nikarudia, na siku nzima ikaisha hivyo.

Alinifundisha kuchomoa waya wa plagi kwanza, injini isije ikawaka vidole vikiwa ndani. Oili humwagwa injini ikiwa na joto kidogo, ili itoke na uchafu wake. Sponji ya chujio la hewa huoshwa kwa sabuni na kukaushwa kivulini. Petroli ikilala ndani miezi mingi hugeuka gundi, kwa hiyo ukiiweka jenereta stoo, imwage. Hakuna kigumu hapo! Lakini maisha yangu yote nimeitwa na watu ambao hawakufanya hata moja. "Nyabo," yaani mama, "imegoma tu yenyewe." Yenyewe! Nafungua, nakuta nyigu wamejenga kwenye chujio na oili imekuwa lami.

Baadaye nilihamia kwa wakodishaji wa jenereta za harusi. Meneja pale alipenda kuzipaka rangi. Nikimwomba oili, ananiambia, "Zainabu, mteja anaona rangi. Oili nani anaiona?" Siku jenereta ilipokwama katikati ya hotuba ya baba wa bibi harusi, lawama niliibeba mimi. Nikaacha kazi, nikaanza kuzungukia wateja wangu mwenyewe, mitaa ya Ntinda na Kyambogo.

Mmoja wao alikuwa Hajati Salima, mwenye duka la kushona Ntinda. Jenereta yake niliitunza kama yangu. Shida ilikuwa mahali alipoiweka: stoo ya nyuma, ndani.

"Hajati, moshi wake unaua. Iweke nje, mbali na mlango."

"Na wezi je? Wakiichukua, utakuja kukanyaga cherehani kwa mguu wewe?"

Niliifunga kwa mnyororo nje, kwenye nguzo. Nikirudi, naikuta stoo. Naitoa. Nikirudi tena, iko stoo. Nilichoka mpaka nikafikiria kumwachia mnyororo wake na jenereta yake.

Alasiri moja ya mvua, umeme umekatika, nilikwenda kubadilisha oili. Nikiwa bado nje nilisikia jenereta ikinguruma ndani, lakini cherehani zilikuwa kimya. Wala sikusikia zile porojo za mafundi. Nikausukuma mlango. Akello, fundi mdogo kuliko wote, alikuwa amelaza kichwa juu ya gauni alilokuwa akishona. Hajati alikuwa kitini, anasema maneno yasiyoeleweka, kama mlevi.

Nilimshika Akello kwapani nikamburuta hadi mvuani, huku nikipiga kelele. Vijana wa boda waliokuwa wamejikinga barazani wakaingia, wakawatoa Hajati na wengine. Moshi ule una sumu isiyo na harufu; unadhani umechoka tu, unajilaza.

Hospitali, Hajati alipopata fahamu, alinitazama akauliza, "Jenereta umemwachia nani?"

Banange! Nilimfokea mbele ya wauguzi mpaka wakanitoa nje. Huko nje ndiko nilikolia.

Wote walipona, isipokuwa Akello hakuwahi kurudi kwenye cherehani. Kichwa kilimsumbua, na vipimo vya mteja alivisahau kabla hajaviandika. Hajati alijenga kizimba cha chuma nje, chenye paa. Kizuri sana. Nilishindwa kukisifu.

Sasa nimestaafu, magoti hayataki kuchuchumaa tena. Watu wananiambia nipumzike. Juzi jirani yangu, mzee wa watu, kaniita kwa furaha nikaone jenereta yake mpya. Ilikuwa jikoni, kando ya meza ya chakula.

Nikashika mpini mmoja. Mke wake akanitazama, akashika wa pili.

"Mama Zainabu, nje wataiiba hiyo!" mzee akalalamika.

"Waiibe," mkewe akasema, na tukaendelea kuvuta.